Jina la Tatu

Wepesi ilikuwa inafikiri tena.

Kiduara cha samawati kilizunguka katikati ya kioo, kikazunguka, na ua mzima wa marehemu Mzee Salimu Isere ukakitazama bila kupepesa. Arobaini ilikuwa imesomwa, pilau imeliwa, masufuria yameanza kusuguliwa kule nyuma ya jiko, na sasa ukoo ulikuwa umekaa mikekani kusubiri kitu kimoja tu: sauti ya mzee. Nuriati Hussein aliinamia mashine yake akitabasamu kama mtu anayeumwa jino.

"Inakuja," alisema. "Inapasha moto tu."

"Inapasha nini, kiporo?" aliuliza mama mmoja wa nyuma, na vicheko vikapita chini chini.

Nuriati angeweza kuipiga ngumi. Alijizuia kwa sababu mbili. Kwanza, watu walikuwa wanamtazama. Pili, aliijua: ukiigusa kwa hasira inajizima, halafu inawaka upya na kukusalimia kana kwamba hamjawahi kuonana. Upepo wa Julai wa Kondoa, ule unaotoka makorongoni na vumbi lake jekundu, ulivuka ua, ukaingia chini ya kompyuta ile na kuisukuma hadi ukingoni mwa meza. Aliidaka kwa mikono miwili.

"Mleteeni jiwe," aliamuru Twaha, mtoto wa kwanza wa marehemu, mzee wa ndevu nyeupe asiyependa mambo ya kupoteza muda.

Jiwe likaletwa. Nuriati, mtunza wosia mwenye leseni na muhuri wa wilaya, akaweka jiwe juu ya ofisi yake isipeperuke. Kama kuna aibu iliyozidi hiyo, Nuriati hakuwa ameionja bado.

Hakuinunua iwe ofisi. Aliinunua iwe ya akiba. Kompyuta yake ya maana, ile nzito iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo, naye akajiambia kwamba Wepesi itamshikia nafasi kwa muda tu. Ilikuwa rahisi kuliko baiskeli ya mtumba na nyembamba kuliko sinia. Muda huo ulikuwa umegeuka miaka mitatu. Kitufe cha herufi "a" kilikuwa kinagoma, na hebu jaribu kuandika Kiswahili bila "a". Kila kukicha mashine ilimletea ujumbe wa kumwomba ruhusa ya hiki na kile, kwa adabu ya mkwe mpya, naye alibonyeza "Sawa" ili imwache afanye kazi.

Kiduara kikapotea. Sauti ya Mzee Salimu ikatoka, kavu, ya taratibu, na mikeka yote ikanyamaza.

Alisema habari za nyumba na shamba la alizeti, nani apewe upande wa mtoni na nani upande wa barabarani. Hapakuwa na jipya. Kisha akafika pale wazee wote hufika.

"Sasa radhi," ilisema sauti. "Twaha, radhi yangu unayo. Mwasiti, radhi yangu unayo. Mwajabu, radhi yangu unayo. Rehani, radhi yangu unayo. Issa, radhi yangu unayo."

Kwenye mkeka wa mwisho, karibu na mlango wa jikoni, mwanamke wa makamo aliyekaa peke yake alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Alijifunika uso kwa mtandio. Mwajabu alikuwa ametengwa na nyumba hii kwa miaka saba, tangu alipomchukua mama yake usiku bila kumuuliza baba na kumkimbiza hospitali ya mbali. Mama alifia huko, akazikwa huko, na Mzee Salimu akaapa mbele ya watu kwamba aliyemzikia mke wake ugenini hana baba. Na sasa, mbele ya watu wale wale, baba alikuwa amemtaja.

Twaha aliinuka. Alitembea katikati ya mikeka mpaka kwa dada yake, akamshika mkono, akamleta mbele kukaa na wenziwe. Akina mama wakapiga vigelegele huku wanalia.

Nuriati peke yake hakulia. Alikuwa amesimama na mkono juu ya jiwe. Yeye ndiye aliyemrekodi mzee chumbani mwake, wawili tu na mlango umefungwa. Sheria ya wosia wa sauti ilikuwa imefuta mashahidi, kwa hoja kwamba sauti yenyewe ni shahidi tosha. Aliikumbuka siku ile vizuri. Mzee alisema Twaha, akasema Mwasiti, kisha akanyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu mpaka Nuriati akadhani amelala. Halafu akasema Rehani.

Mwajabu hakumtaja.

*

Ofisini alifunga mlango na kuitoa Wepesi kwenye mkoba kama mtu anayemtoa mwizi uvunguni.

"Habari za mchana, dada Nuriati," mashine ilisema. "Umefanya kazi nzuri leo."

"Nyamaza. Fungua wosia wa Salimu Isere. Ule wa asili, sio uliocheza leo."

"Samahani. Ule wa asili ulianikwa."

Neno hilo Nuriati alilijua. Kila mwenye Wepesi alilijua, ingawa hakuna aliyelifikiria sana. Mashine ile haikuwa na ghala la kutosha, ndiyo maana ikawa rahisi na nyepesi vile. Kitu kikikaa bila kuguswa, ilikianika: ilikikausha kama mlenda unavyokaushwa juani, maji yote yakatoka, kikabaki kiini kidogo cha kujaa kiganja. Siku ukikihitaji, ilikiloweka. Kiini kikavimba, kikarudi kuwa picha, barua au sauti, na pale palipopungua mashine ilijaza kwa kubahatisha kutokana na vitu vingine vya aina hiyo ilivyowahi kuviona. Picha ya harusi ikirudi na ua moja la ziada kwenye zulia, nani atalalamika? Watu walicheka tu. Binamu yake Nuriati alirudishiwa picha ya mahafali akiwa na meno yote.

"Niliweka alama ya Usianike," alisema. "Kwenye wosia wote. Kwa mkono wangu."

"Ndiyo. Ghala lilipojaa niliomba ruhusa ya kuondoa alama hizo. Ulijibu Sawa."

"Lini?"

"Mara nne, dada. Sikupenda kukusumbua kwa mara moja."

Nuriati alikaa chini. Alitaka sana kumlaumu mtu, na mtu mwenyewe hakuwepo. Palikuwa na kidole chake tu.

"Baada ya Mwasiti," alisema polepole, "mzee alisema nini?"

"Hakusema kitu. Palikuwa na kimya. Kimya hakina maneno, kwa hiyo nilikiondoa kuokoa nafasi."

"Na jina la Mwajabu ukalitoa wapi?"

"Kwenye orodha ya warithi uliyoniandikia. Wosia wa wilaya hii humalizikia kwa radhi kwa watoto wote. Hapa mtoto mmoja alikosekana, wa tatu kwa kuzaliwa. Niliona ni hitilafu ya kurekodi, nikakamilisha."

"Haikuwa hitilafu! Mtu alikataa kusema!"

"Samahani," ilisema Wepesi. "Kukataa kungekuwa na maneno."

Alifunga kifuniko kwa nguvu. Hakikutoa hata kishindo cha kumridhisha. Kilitoa mlio wa karata inayoangushwa mezani. Nuriati akaweka paji la uso juu yake na kutukana, taratibu, kwa Kirangi, matusi aliyoyasikia kwa bibi yake mzaa mama.

Kisha akafungua tena, kwa sababu hakuwa na kompyuta nyingine, akaanza kufungua wosia mmoja mmoja. Bi Salama wa Kolo alikuwa ametoa radhi kwa watoto wote. Mzee Dosi, aliyekuwa hasemi na kitinda mimba wake, radhi kwa watoto wote. Wafu wake wote walikuwa wamegeuka watu wema wa kupindukia, wanaomaliza kwa maneno yale yale na pumzi zile zile, na Nuriati hakuwa na namna ya kujua nani aliyasema kweli na nani aliyawekewa mdomoni. Kila faili lilikuwa na muhuri wake. Muhuri ulisema: nilikuwepo, ndivyo ilivyokuwa.

Alijaribu kuyageuza mawazo. Nani ameumia? Mzee Salimu yuko chini ya udongo. Nyumba na shamba vimegawanywa kama alivyotaka. Alilinganisha na maandishi aliyoyachukua siku ile, mgawo haukuguswa. Kilichoongezeka ni maneno matatu na jina, na maneno hayo yamemtoa mwanamke mlangoni mwa jikoni akakaa na ndugu zake. Mashine ya bei ya bure ilikuwa imefanya jambo ambalo masheikh na wazee walishindwa kwa miaka saba. Akinyamaza tu, mambo yatakwenda.

Lakini radhi haikuwa jambo la kunyamazia. Mtu anaishi na radhi ya mzazi wake na anakufa nayo. Hii ya Mwajabu ilikuwa imetoka kwenye kikaratasi cha plastiki kinachoshindwa kuandika "a".

Akapandwa na hasira upya, safari hii kwa mzee mwenyewe. Ungemtaja tu, baba. Ungepungukiwa nini? Akatikisa kichwa. Alikuwa anagombana na maiti, na yote kwa sababu alitaka kitu chepesi cha kubeba begani.

*

Mwajabu alikuja ofisini kabla Nuriati hajaamua la kufanya. Alileta samli kwenye kopo na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Alikuwa mkubwa kwa Nuriati kwa umri wa kutosha kusalimiwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Kaka Twaha ananisubiri, tunakwenda kuangalia shamba, fikiria, mimi na kaka Twaha!" Alikaa. "Nimekuja kukuomba kitu kidogo. Nataka ile sauti. Si wosia wote, hapana, ya mashamba niachie. Pale tu anaponitaja. Nitilie kwenye simu niwe nasikiliza."

Nuriati alifungua Wepesi. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili. Kiduara cha samawati kikatokea na kuanza kuzunguka.

"Inafikiri," alisema.

"Iache ifikirie. Mimi nina haraka gani tena?" Mwajabu alicheka. "Unajua, siku zote nilikuwa namjibu. Nikipika namjibu, nikiswali namjibu. Baba, mama alikuwa hapumui, ningefanya nini? Baba, usingizi ulikuwa umekupitia, ningekuamsha uniambie subiri asubuhi? Kila siku kesi ile ile. Jana jioni nilipika wali mpaka ukaiva, sijamjibu hata neno moja. Nilistuka nikajiuliza, leo mbona kumetulia?"

Kiduara kilizunguka. Nuriati alikitazama na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akaomba kisiache. Kikaacha. *Kipande chako kiko tayari, dada Nuriati. Nitume?*

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya "Sawa". Kilikuwa kimeizoea njia.

"Dada Mwajabu," alisema. "Baba hakusema."

"Hakusema nini?"

"Jina lako. Mimi ndiye niliyerekodi. Mashine ilikausha sauti yake, na ilipoirudisha ikajaza yenyewe. Iliona wazee wote wanataja watoto wote, ikakuongeza. Ni kosa langu, niliipa ruhusa bila kusoma. Nimelijua pale pale, jana, watu wakiwa wamekaa."

Mwajabu hakubadilika uso mara moja. Aliendelea kutabasamu kwa muda mfupi, kama taa inayochelewa kuzimika.

"Lakini ilikuwa sauti yake," alisema. "Mimi nisijue sauti ya baba yangu?"

"Ni sauti yake. Maneno si yake."

"Basi alisema nini?"

"Alinyamaza. Alipofika kwako aka…"

"Usinieleze!" Mwajabu alisimama, kopo la samli likaanguka na kubingirika chini ya meza bila kumwagika. "Usinieleze alivyoninyamazia! Nimenyamaziwa miaka saba, unadhani sijui kunavyokuwa? Wewe mwanamke, una roho gani? Ungeniacha! Nani alikuuliza?"

"Nimeweka muhuri, dada. Siwezi…"

"Muhuri! Kwa hiyo unataka kuokoa muhuri wako kwangu?"

Kulikuwa na ukweli ndani ya maneno hayo, na ukweli huo ulimchoma Nuriati. Alitaka kusema kwamba muhuri ungekuwa salama zaidi angenyamaza. Aliona ni maneno ya kujitetea, akayameza.

Mwajabu alivuta pumzi mara kadhaa. Alijifunga mtandio upya, akaukaza sana.

"Uliwaambia wote la kwanza," alisema. "Sasa nenda kawaambie la pili. Sitaki kaka Twaha anishike mkono kwa ajili ya kompyuta. Akiuachia, auachie leo, nikiwa bado nimezoea."

*

Waliitwa baada ya swala ya Ijumaa, watoto watano tu, kwenye sebule ya marehemu. Twaha alikaa kwenye kiti cha baba yake. Mwasiti, Rehani na Issa walikuwa kwenye makochi. Mwajabu alikataa kochi akakaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka.

Nuriati aliwaeleza yote: kuanika, kuloweka, alama aliyoiondoa kwa kidole chake. Aliwaambia kwamba asubuhi hiyo amekwishaandika wilayani kurudisha leseni, na kwamba kila ukoo uliowahi kusikiliza wosia kutoka kwenye mashine yake utapelekewa habari. Issa, kitinda mimba, aliuliza kama shamba limebadilika. Akaambiwa hapana. Rehani akaguna, akauliza serikali iliwaruhusu vipi watu kufanyia wosia kazi kwa vikompyuta vya wanafunzi, na Nuriati akakubali kwamba hilo ni swali zuri.

Macho ya Twaha yalikwenda kwa Mwajabu na kurudi. Alionekana mtu aliyetapeliwa na hajui amdai nani.

"Kwa hiyo wosia wa baba haupo," alisema mwishowe.

"Kwenye mashine haupo, mzee wangu. Kilichobaki ni maandishi yangu ya mgawo na nilichokiona na kukisikia mimi. Mkiniruhusu, nitausema kwa mdomo kama nilivyoupokea, nisiongeze wala kupunguza. Zamani ndivyo mashahidi walivyofanya. Mkikataa, nitaondoka."

"Sema," alisema Twaha.

Hakuitoa Wepesi. Alikaa wima, akaweka mikono magotini, akaanza. Nyumba. Shamba, upande wa mtoni, upande wa barabarani. Alipotea mara moja kwenye mipaka, akarudi nyuma, akarekebisha. Kukumbuka kulikuwa kuzito. Jasho lilimtoka kwapani, na alihofia kila neno kama mtu anayebeba mayai kwenye kanga. Akafika kwenye radhi.

"Twaha, radhi yangu unayo," alisema. "Mwasiti, radhi yangu unayo."

Akanyamaza.

Alinyamaza kama alivyonyamaza mzee. Hakutazama saa, alimtazama Mzee Salimu akilini mwake na kumfuata. Mzee alikuwa amefungua mdomo. Aliuacha wazi. Alitazama mlango, akasugua goti kwa kiganja, polepole, akarudia kusugua. Nuriati hakujua wakati ule kama ilikuwa hasira, na sasa pia hakujua, kwa hiyo hakuweka kitu usoni mwake. Alisugua goti lake akatazama mlango. Nje mtu alipita na toroli, magurudumu yakalia, yakaenda, yakaisha. Mwasiti aliinamisha kichwa. Issa alikohoa, kisha akajuta kukohoa. Kimya kiliendelea, kikazidi pale ambapo mtu aliyekwisha kuamua angekuwa ameshapita kwenye jina linalofuata, na bado kikaendelea, na Rehani ambaye jina lake ndilo lililokuwa likingojewa akaanza kufuta macho bila kujificha.

Twaha hakuweza kuvumilia.

"Endelea, dada," alisema, sauti imekwaruza. "Tumeshaelewa. Endelea."

"Usimharakishe, kaka," alisema Mwajabu kutoka kwenye kigoda. "Hapo baba alikuwa ananifikiria mimi."